Kisahani cha Nelima

Nywele zangu zimeota tena, fupi na laini, na mume wangu anasema zimerudi na rangi ambayo hajaizoea. Ninaandika haya kwa ajili ya mtu aliyeambiwa juzi, akakunja zile karatasi akaziweka kwa mkoba, na hajui amwambie nani kwanza. Sitakueleza saratani ni nini. Daktari atakueleza, utasahau, atakueleza tena. Mimi nitakueleza jambo ambalo hakuna aliyeniambia: kwamba ugonjwa unaweza kukufanya uamini upuuzi, ukauamini kwa moyo wako wote, hata kama wewe ni mtu wa biashara mwenye akili zake timamu.

Upuuzi wangu mimi ulikuwa kisahani cha plastiki.

Hapa Kitale tuko kikundi kidogo tunaocheza mchezo wa kurusha visahani. Mgeni mmoja aliyekuwa akifundisha huku ndiye aliyetufunza, kisha akarudi kwao akatuachia mfuko wa visahani. Vikapu tulitengenezewa na fundi wa jua kali kwa mlingoti, rimu ya baiskeli na minyororo. Unasimama mbali, unarusha mpaka kisahani kiingie kwa minyororo, na aliyerusha mara chache ndiye mshindi. Kuna visahani vya karibu, na kuna cha mbali tunachokiita draiva, ambacho ukingo wake ni mwembamba. Watu hutucheka, ati watu wazima wanarushiana sahani. Wacha wacheke, hata mume wangu alicheka miaka miwili mizima.

Tuna sheria moja tunayoiheshimu kuliko zote. Kila mtu huandika jina lake na nambari ya simu chini ya kisahani, kwa kalamu ya wino usiofutika. Kikipotea, atakayekiokota anakupigia. Ukimpa mtu kiwe chake, yeye anakata jina lako kwa mstari mmoja na kuandika lake. Nimewahi kupigiwa simu na mchungaji wa ng'ombe, na mwalimu mkuu, na mama aliyekuwa amekitumia kufunikia sufuria ya maharagwe.

Draiva yangu ilikuwa ya rangi ya chungwa, nyepesi, imechakaa kwa miaka minane ya kugonga miti. Asiyejua mchezo huu atasema nunua nyingine. Lakini draiva mpya ni kaidi. Usipoirusha kwa nguvu nyingi inakata kushoto na kuanguka karibu. Iliyochakaa inaenda mbele taratibu hata kama mkono wako ni mlegevu. Na kuchakaa hakuuzwi dukani.

Niliipoteza Julai, mahindi yakiwa yamefika kifuani. Niliirusha nikasikia kitu kikivuta chini ya kwapa la kulia, na draiva ikapita ua ikaingia kwa mahindi ya jirani. Nilisimama pale nikijipapasa, na vidole vikakutana na kitu kigumu ambacho hakikuwa changu. Nilitafuta kisahani mpaka mvua ikaja, na kusema kweli nilikuwa natafuta ili nisifikirie kile kitu. Kisahani sikukipata.

Nilifanyiwa upasuaji Septemba. Walitoa titi la kulia na tezi za kwapani. Mkono wangu wa kulia, huu wa kurushia, ukakataa kupanda kupita bega. Kila asubuhi nilisimama mbele ya ukuta wa jikoni nikitambaza vidole kwenda juu, na pale vilipokwama nikaweka alama kwa penseli. Wiki tatu alama zilikuwa palepale. Mume wangu, Baba Ciku, ana duka la dawa za mifugo na mbolea mjini, na ni mtu wa maneno mengi huko dukani. Nyumbani alinyamaza. Alihama upande wa kitanda bila kuuliza, asije akanigusa palipopasuliwa, na tangu siku hiyo tukalala kila mmoja akitazama ukuta wake. Nilimkasirikia sana kwa hilo. Sasa najua alikuwa anaogopa, lakini wakati ule niliona amenihama mimi.

Dozi ya kwanza ilikuja wakati wa kuvuna. Jirani alipomaliza kukata mahindi na ng'ombe wakalishwa mabua, shamba lilibaki jeupe kabisa. Nilitembea mstari kwa mstari, kitambaa kichwani, jirani na wafanyakazi wake wakinitazama. Kitu cha rangi ya chungwa kwenye udongo mtupu kingeonekana kutoka barabarani. Hakikuwepo, na hakuna aliyekuwa amepiga simu. Hapo ndipo nilipojiambia moyoni kwamba nikipata kingine kama kile, kinachoruka vile vile, nitapona, na nisipokipata sitapona. Sikumwambia mtu. Wewe ukianza kujiambia maneno ya aina hii, mwambie mtu, hata kama atakucheka.

Kuhusu dawa yenyewe nitasema machache. Mdomo unakuwa na ladha ya chuma, chai inakuwa chuma, hata maji. Kucha zinageuka rangi. Nywele zangu zilinitoka siku moja nikioga, zote kwa mara moja, na nyusi zikafuata wiki ya pili. Lakini kilichonichosha zaidi ni chumba cha kungojea. Viti vyake vya plastiki vimeunganishwa kwa chuma kimoja, mtu mmoja akitikisika mnatikisika wote. Televisheni ilikuwa inaonyesha kwaya bila sauti. Pale hatukuulizana "Sasa" wala "Niaje". Tuliulizana, "Uko ya ngapi?" Mmoja anajibu ya pili, mwingine anajibu ya tano. Na kuna mtu mlikaa naye akiwa ya nne, na siku ya tano kiti chake kina mwingine, na hakuna anayeuliza. Mama mmoja kutoka Cherang'any alikuwa akija na ndimu zilizokatwa kwenye kopo, akatugawia kila mtu kipande cha kulamba ili ladha ya chuma ikae mbali kidogo. Hatukujua hata jina lake. Mungu ambariki popote alipo.

Baada ya dozi ya pili niliandika ujumbe kwa kikundi cha wachezaji cha WhatsApp, kinachounganisha Kitale, Bungoma na kwingineko: "Natafuta draiva nyepesi ya zamani, rangi ya chungwa, iliyochakaa sana. Mpya sitaki." Nilituma asubuhi. Mchana nikapata jibu kutoka nambari nisiyoijua.

"Iko. Kuja Mabanga. Nelima."

Niliangalia picha yake. Mwanamke wa rika langu, anatabasamu kidogo, amefunga kitambaa cha buluu mpaka chini karibu na macho. Ufungaji ule niliujua. Ndivyo tunavyofunga nyusi zikishaenda. Nikakaa na simu mkononi, mwili ukinisisimka, kwa sababu kitambaa nilichokuwa nimefunga mimi wakati ule kilikuwa cha buluu.

Tuliandikiana siku nne. Alikuwa mtu wa maneno mafupi. Nilimuuliza mkono wake uko aje. Alikaa saa nzima ndiyo akajibu, "Mkono uko sawa." Nikamuuliza kama bado anacheza. Akasema, "Siku hizi hapana." Nilijua ameelewa nauliza nini, na nilifurahi kupita kiasi. Nilikuwa nimepata mwenzangu.

Nilienda Mabanga, upande wa Bungoma, Jumamosi moja kabla ya Krismasi. Ni boma safi, ng'ombe wanne wa maziwa, ua wa michongoma. Mwanamume mrefu alitoka zizini akipangusa mikono.

"Namtafuta Nelima," nikasema. "Mimi ndiye Mama Ciku wa Kitale. Tumekuwa tukiandikiana."

Alinitazama kichwani, kwenye kile kitambaa, kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu.

"Ni mimi nilikuwa nakujibu, mama," akasema. "Naitwa Wafula. Nelima ni bibi yangu. Tulimzika mwezi wa nne."

Nilitaka kumpiga. Sisemi kwa mfano, nilitaka kumpiga na mkoba. Nilimuuliza kwa nini anaandika na jina la marehemu kama hana haya.

"Simu ni yake," akasema. "Nikiandika jina yangu naona kama nimemnyang'anya."

"Na kwa nini laini hujazima?"

"Alikuwa anapoteza hivi visahani sana, mama. Mpaka saa hii watu wanapiga. Ati, mama, nimepata sahani yako kwa mtaro. Mama, sahani yako iko huku mpakani Lwakhakha, mtoto alienda nayo." Akatazama chini. "Sasa nikizima, nani atashika?"

Hasira ikanitoka. Nilimuuliza marehemu aliugua nini. Akasema, "Aliugua tu," na akaingia ndani kuleta kisahani. Kilikuwa kimefungwa kwa gazeti. Rangi ya chungwa, ukingo umelika, uzito ule ule. Chini kulikuwa na jina NELIMA kwa herufi zilizolala upande, na nambari. Pale kidole gumba kinapokaa plastiki ilikuwa imebonyea, na gumba langu likaingia mle bila nafasi kubaki.

Nyuma ya boma, kwenye malisho, kulikuwa na vikapu vitatu walivyojitengenezea. Wafula aliniambia nijaribu kurusha. Kisha akatangulia, akaenda akasimama karibu na mpera, kulia kwa kikapu cha kwanza. Nilidhani anajiondoa njiani. Nilirusha kwa mkono huu usiopanda, nusu mrusho wa aibu. Kisahani kikaenda taratibu, kikanyooka, kikageuka kidogo kulia, kikaanguka mbele ya viatu vyake. Hakuwa ameinua kichwa kukitazama.

Akakiokota, akanirudishia, akarudi kusimama. Safari hii alisimama hatua tatu nyuma. Nikarusha, na kisahani kikamfuata palepale.

"Umejuaje?" nikamuuliza.

"Yeye hurusha hivyo," akasema. "Ya kwanza kwa mpera, ya pili inapita kidogo."

Jua lilikuwa la saa saba. Mama jirani alikuwa akipita njia ya kisimani na mtungi wa plastiki. Nilimsalimia. Aliweka mtungi chini, akanitazama mimi na kisahani. Wafula alimwambia kitu kwa Kibukusu, neno moja mbili, naye akachukua mtungi akaenda bila kugeuka nyuma.

Nilitoa kalamu yangu ili nikate jina na kuandika langu, kama sheria yetu inavyosema. Wafula akaweka kiganja juu ya kisahani.

"Usikate, mama. Bado kidogo."

Ningekataa. Mimi si mtu wa kubembelezwa. Lakini nilikuwa nimepata nilichokuwa nimejiahidi, na niliogopa kwamba nikilikata lile jina kitaacha kuruka. Kwa hiyo nikakibeba kikiwa na jina la mwenyewe, na hilo ni kosa ambalo hakuna mchezaji wa kikundi chetu angelifanya akiwa mzima.

Dozi ya tatu niliipata Krismasi ikinukia. Hali yangu ilibadilika. Alama za penseli jikoni zikaanza kupanda, upana wa kidole, halafu vidole viwili. Kila nilipopata nguvu nilienda uwanjani na kile kisahani, na kilinitii. Nilikuwa nikirudi Mabanga pia, kila baada ya wiki mbili hivi, nikidai nakwenda kufanya mazoezi. Baba Ciku aliuliza mara moja tu huko ni kwa nani. Nikamwambia ni kwa wachezaji wenzangu, mke na mume. Sikuona kama nimedanganya, na hilo linanitisha hadi leo.

Mambo madogo madogo yalianza. Mbwa wa pale, ambaye hubwekea hata daktari wa mifugo, alikuwa akinifuata nyuma kutoka langoni na kulala miguuni mwangu. Wafula alikuwa akinipa chai yenye tangawizi nyingi bila kuniuliza naipendaje, na ndivyo ninavyoipenda. Siku moja aliniita jina la mkewe na mimi nikaitika. Sote wawili tukaendelea kunywa chai.

Ukutani kwenye veranda alikuwa na ubao mweusi wa kuandikia lita za maziwa. Aliniuliza tarehe zangu za dawa, akaziandika kwa chaki pembeni, ili ajue siku za kuniombea. Nilipokaribia niliona chini ya tarehe zangu kuna nyingine za zamani, zimefutwa kwa kitambaa kikavu lakini bado zinasomeka. Nazo zilikuwa zimeachana wiki tatu tatu. Nilizihesabu. Zilikuwa nne. Sikumuuliza kitu. Nilijua, na nilijifanya sijui, na siku ile alinirudisha mwenyewe hadi nyumbani kwetu Kibomet na pikapu yake ya maziwa, kwa sababu miguu ilikuwa haina nguvu.

Dozi ya nne, katikati ya Januari, iliniweka chini kabisa. Vumbi lilikuwa jingi, midomo ilipasuka, vidonda vikajaa mdomoni nikashindwa hata na uji. Mishipa ya mkono wa kushoto ilijificha, na Sista, muuguzi wetu, alinichoma mara tano akiniomba msamaha kila mara. Nilitapika kwenye ndoo siku tatu. Baba Ciku alikuwa akimwaga ile ndoo bila neno. Siku ya nne nikasikia analia bafuni, bomba likiwa wazi. Nikajiambia, hapa inatosha. Mkono unapanda. Kisahani kinaruka. Uvimbe ulishatolewa. Dozi nyingine ni ya nini?

Utafika hapo wewe pia. Hata kama hutafika, utapaona kwa mbali.

Dozi ya tano ilikuwa Jumanne ya Februari. Jumatatu nilienda nikatolewa damu kama kawaida, na majibu yakawa mazuri. Jioni nikamwambia Baba Ciku, "Wamesema damu iko chini. Nirudi wiki ijayo." Ilikuwa imewahi kutokea kwa wengine, kwa hiyo aliamini. Akasema, "Pole," na nikaona mabega yake yakishuka kwa afueni. Jumanne asubuhi alienda dukani. Mimi nilizima simu, nikafunga kitambaa changu cha buluu, nikaenda uwanjani.

Ukungu ulikuwa umekalia uwanja, vikapu vinaonekana nusu. Hapakuwa na mtu. Nilirusha mara nyingi sana, na sijawahi kurusha vile tangu nianze mchezo huu. Mkono ulipanda mpaka juu. Nilikuwa nacheka peke yangu. Kisha nikajipanga nikarusha kwa nguvu zote, na kisahani kikapanda ndani ya ukungu, kikaenda, kikaenda, kikavuka ua wa barabarani. Nilingoja kusikia kikianguka. Sikusikia kitu.

Nilitafuta kwa nusu saa. Ajabu ni kwamba sikuhuzunika. Nilirudi nyumbani mwepesi, nikapika ugali na sukuma wiki, na Baba Ciku akaja chakula cha mchana akanikuta naimba.

Tulikuwa tunakula niliposikia gari. Wafula alisimama mlangoni, amevaa gambuti zake za zizini, kisahani mkononi.

"Karibu," Baba Ciku akasema, akinitazama mimi.

Wafula hakukaa. Aliniambia mimi, polepole, kama mtu anayesoma barua ya mwingine. "Saa tatu simu ya Nelima imelia. Ni mama muuza maziwa, huku Kitale. Amesema, mwambie mwenye hii sahani nimeipata kwa barabara. Nikamwambia mwenyewe hayuko. Akasema, yuko, si nimemwona sasa hivi kwa uwanja. Mama mwembamba, amefunga kitambaa ya buluu. Ati anarusha vizuri sana, na anacheka."

Baba Ciku akasukuma sahani yake kando.

"Nilikaa chini kwa zizi," akasema. "Nitawaambia ukweli. Kwa dakika moja nilijua ni yeye. Nilifurahi, bana. Nilikuwa nauliza huyo mama ashike njia gani amletee." Akajipangusa uso kwa mkono. "Halafu nikaona ubao. Leo ni Jumanne. Nikasema, kama ni Jumanne, huyo amefunga kitambaa ya buluu anafanya nini uwanjani saa tatu?"

"Leo iliahirishwa," Baba Ciku akasema. "Damu yake iko chini."

Wafula akanitazama, akaacha nijibu mwenyewe. Nilikuwa na tonge la ugali mkononi. Nilitaka kusema uongo mwingine na sikuupata.

"Damu iko sawa," nikasema. "Ni mimi nimekataa."

Nilingoja Baba Ciku apige meza. Angepiga meza ningempigia kelele, na tungekuwa na ugomvi wa kawaida. Aliinuka, akanawa mikono, akaanza kutafuta kadi yangu ya hospitali kwenye kabati, akitoa vitu na kuviweka chini kimoja kimoja.

"Bibi yangu alichukua nne," Wafula akamwambia mgongo wake. "Ugonjwa ni huu huu. Upande ni huu huu. Kutoka hapo tukaenda Lwakhakha, tukavuka ng'ambo kwa mtu wa miti shamba. Alinona kidogo, akarusha visahani, tukasema amepona. Miezi saba, tukamzika."

Nilienda kuvaa sweta, na Wafula akatupeleka wote wawili kwa pikapu yake.

Pale kliniki walikuwa wameniita mara tatu. Sista alinitazama kutoka juu mpaka chini, akaona nyasi kwenye viatu vyangu, akasema dawa bado haijachanganywa, inawezekana, lakini tutakaa mpaka jioni. Chumba cha kungojea kilikuwa karibu kitupu. Mtu mmoja aliniuliza niko ya ngapi, nikamwambia ya tano. Msindikizaji anayeruhusiwa ndani ni mmoja tu. Nilimgeukia Baba Ciku.

"Aingie huyu," akasema. "Mimi nikiingia saa hii nitagombana na wewe, na haifai. Nitakuwa hapa hapa mlangoni." Kisha akaweka mkono wake begani mwangu, bega la kulia, karibu na kovu. Hakuwa amenigusa upande huo tangu Septemba. Nikaingia nikilia kama mtoto.

Sista alipata mshipa mara ya kwanza. Dawa ikaanza kushuka, ile nyekundu, na ladha ya chuma ikapanda mdomoni. Wafula alikaa kwenye kiti kidogo, magoti juu, na zile gambuti zake. Alikuwa akitazama matone. Nilijua si kwa ajili yangu anayatazama, na kwa mara ya kwanza haikunitisha. Nilimwonea huruma tu, na nikamwonea huruma yule mwanamke ambaye nimevaa maisha yake miezi miwili bila kumjua.

"Ni kitu gani kilimfanya akatae ya tano?" nikamuuliza. "Ni kutapika? Ni hii mishipa?"

Alipangusa tope kwenye gambuti moja kwa kidole gumba.

"Hakukataa," akasema. "Hiyo asubuhi aliamka mbele yangu. Akaoga, akavaa. Nikitoka nje namkuta amekaa kwa kiti ya veranda, na mkoba, na viatu ameshavaa, ananingoja nitoe gari. Ni mimi. Nilikuwa nimemwona kwa ile ya nne vile aliumia. Nikamwambia, mama, leo tupumzike."

"Akasema nini?"

"Aliniangalia tu." Wafula alikuwa bado anatazama matone. "Halafu akainama, akavua viatu."

Dawa ilikuwa imebaki nusu. Nilimwambia asiondoke mpaka iishe, na hakuondoka.